Mpiga Chapa Aliyehamisha Vitufe

Ukipita Kanyenye, hapa Tabora, siku hizi utaona mlango wa bluu umefungwa, na juu yake kibao bado kinasema UCHAPAJI NA KOPI. Usijisumbue kupiga hodi. Mwenyewe yuko Dar es Salaam kwa binti yake, na hakwenda kwa kupenda. Siku anachukuliwa nilikuwepo. Mikono yangu yote miwili ni mizima, na haikusaidia kitu.

Tulimwita Mpiga Chapa. Jina analo, lakini hata kwenye dua msikitini walimtaja hivyo hivyo. Alizaliwa wapi, na nani, sijui na sikuuliza. Nilijua yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, basi, hilo lilitutosha. Wazee wetu sisi walibeba pembe na mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, wakapita kwao, wakatukanana nao, wakacheka pamoja, wakazikana. Ndio utani huo. Mtani wako unaweza kumwambia jambo ambalo ndugu yake wa tumbo moja hathubutu. Unaweza kumcheka akiwa kitandani. Naye hana ruhusa ya kununa.

Na mimi nijitaje kidogo. Shule niliiacha darasa la pili. Nilianza na mizinga ya magogo kule Ipole, nikapanda miti na kushuka, nikang'atwa, nikauza asali kwenye chupa za soda mpaka nikanunua baiskeli. Baiskeli ikazaa lori. Leo wanaonifanyia kazi wana vyeti, na asubuhi wananipa shikamoo. Kusoma nasoma, herufi moja moja, mdomo ukitembea. Kuandika nasema tu, mwingine anaandika. Sioni aibu. Wakubwa wa serikali wanafanya hivyo hivyo na wanaitwa waheshimiwa.

Kwa Mpiga Chapa hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko zote. Nilishamwambia mara nyingi, "Mzaramo, mdomo unao tena mkubwa. Sema, msichana fulani achape." Alikuwa akinyanyua mikono yake na kunionyesha vidole kama anayeonyesha bidhaa. "Maneno yangu hayapiti mdomoni," alisema. "Mdomoni yapo matusi tu. Mengine yote yanatokea hapa."

Mara ya kwanza nilikwenda kwake na katiba ya kikundi chetu cha wafuga nyuki. Tulitakiwa kuipeleka Isikizya, kwenye halmashauri, ikiwa imechapwa. Nilikuwa na haraka, lori linanguruma nje. Nikamwambia andika upesi, mama. Akaacha kuchapa kabisa, akazungusha kiti.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Nilijua. Umezoea kukimbia na mzigo kichwani. Kaa chini. Mzigo huu nabeba mimi."

"Na nyie mlizoea kukaa njiani mtuuzie maji ya kisima kwa bei ya maziwa."

Akacheka mpaka akavua miwani. Toka siku hiyo akawa ananitoza zaidi ya watu wote, na mimi nalipa huku nalalamika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Maskini aliyekuja na tangazo la msiba hakulipa. Katika mtaa ule hakuna aliyekufa bila karatasi yake kubandikwa ukutani mwa msikiti, imechapwa safi, majina ya wafiwa yamekaa sawasawa. Aliwahi kumrudishia mwalimu mkuu mtihani mzima kwa sababu swali moja halikuwa na nukta mwishoni. "Huu haujakamilika," alimwambia. Mwalimu mkuu akasema nukta moja tu, mama, iweke. Akajibiwa kwamba huyu ni mpiga chapa, hatungi mitihani. Aende akaiweke mwenyewe kwa kalamu yake ndipo alete. Ndivyo alivyokuwa. Kitu ambacho hakijaisha hakukiita kimeisha, hata kwa kumfurahisha mtu.

Sasa hiyo mashine yake. Aliipata kwenye mradi wa misitu alikofanya kazi zamani, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiandika takwimu za miti. Mradi ulipokwisha wakamwachia kompyuta, na ndani yake ile programu ya kuandikia. Mimi kompyuta nimeziona, wafanyakazi wangu wanazo, zina picha na rangi, na unasukuma mausi kama anayepiga pasi. Ya kwake haikuwa na mausi. Kioo cheusi, maandishi ya kijani, basi. Kila kitu alifanya kwa vidole. Alinieleza hivi: kwenye kibodi kuna vitufe vya herufi, ukigonga unaona herufi. Halafu kuna vitufe vya kushikilia. Kimoja kinaitwa kontro, kingine alti. Vyenyewe ukivibonyeza huoni kitu. Lakini ukishikilia kontro, halafu ukagonga herufi, mstari mzima unafutika, au unaruka mwanzo wa ukurasa, au kazi inahifadhiwa. Programu ile ilitaka kushikilia kutwa nzima. Na kontro imewekwa pembeni kabisa kule chini, inabonyezwa na kidole cha mwisho, kile kidogo, cha mkono wa kushoto.

Hicho ndicho kilichoanza kuuma.

Kwanza aliona ganzi. Akakichua kwa mafuta ya nyonyo, akakifunga kitambaa. Halafu siku moja nakuta anaandika mistari ya ajabu kwenye kioo chake, nikamuuliza ni barua ya nani. "Naiambia mashine," akasema. Kumbe kuna namna ya kuiambia kwamba kitufe fulani kisiwe tena kile kilichoandikwa juu yake. Alikuwa na kitufe cha kapsi, kile cha kufanya herufi zote ziwe kubwa, kimekaa karibu na kidole na hana kazi nacho. Akakihamisha. Kapsi ikawa kontro. Kidole kikapumzika, akafurahi kama mtu aliyegundua njia ya mkato kwenda Sikonge.

Hapo ndipo kibodi yake ilipoanza kuwa ya kwake peke yake. Jirani yetu, Mhindi wa duka la vifaa vya umeme, aliingia siku moja Mpiga Chapa akiwa msikitini, akaketi ajichapie risiti moja ya haraka. Akabonyeza kapsi aandike jina la duka kwa herufi kubwa. Mistari ikaanza kuyeyuka. Akabonyeza tena, ukurasa ukaruka. Tulimkuta amesimama mbali na meza, mikono nyuma.

"Mama, mashine yako ina mashetani."

"Wapo," akajibu Mpiga Chapa. "Na wanajua nani mwenyewe."

Yule bwana alikuwa hatanii. Jioni mke wake akaleta chetezo na ubani, akafukiza kibodi kutoka upande huu hadi upande ule huku akisoma. Mpiga Chapa akamwacha, akamshukuru, akamnywesha chai. Mwanamke alipoondoka akainama, akanusa vitufe. "Haya," akasema, "sasa mashetani yangu yananukia vizuri."

Kitu ambacho sikumwelewa ni hiki. Mtu huyu hakutaka kitu chochote kibadilike. Kiti kile kile, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Chai na tangawizi, kikombe kile kile kisicho na sikio. Serikali ya mtaa ilipotaka kupaka rangi milango yote ya barabara ile, aliwatoa mbio. Niliwahi kumsogezea benchi lisikae juani, akanirudishia maneno wiki nzima. Lakini vitufe alivihamisha kila mara bila huruma. Nikamuuliza. Akasema, "Nahamisha vile ili hivi vingine vyote vibaki."

Binti yake wa pekee yuko Dar es Salaam, mwalimu, mtoto mwenye adabu. Alipoanza kusikia habari za vidole akaja kwa treni, akakaa, akasema mbele yangu, "Mama, sikulazimishi leo. Lakini siku ukishindwa kuchapa, nakuchukua. Huwezi kukaa hapa peke yako bila mikono." Mama akakubali. Walipeana mikono kama wafanyabiashara. Kwa hiyo toka siku ile tulijua wote kinachopigwa vita pale. Akichapa, anabaki Tabora, kwenye nyumba yake, kwenye kiti chake. Asipochapa, anafungishwa virago.

Na vidole vikaendelea kufa. Ganzi ikatoka kidole cha mwisho, ikaingia cha pete. Akaihamisha kontro kutoka kapsi, akaipeleka chini, pembeni mwa kile kitufe kirefu cha nafasi, ambako dole gumba linafika. Dole gumba likafanya kazi msimu mzima wa tumbaku. Kisha nalo likaanza kujikunja kuingia kiganjani kama linasinzia. Mkono wa kushoto wote ukawa mzigo. Akahamishia kulia. Nikaja nikakuta kontro iko kulia, alti iko kulia, mkono mmoja unafanya kazi ya miwili, unaruka huku na huku kama kuku.

"Sasa unachapa kama Mnyamwezi," nikamwambia.

"Mnyamwezi angechapa kwa kichwa," akasema. "Ndicho kigumu."

Nilimpeleka Mwanza kwa gari langu. Nilitaka daktari mkubwa, nikampata. Akampiga vinyundo vya magoti, akamchoma sindano ncha za vidole, akamuuliza anasikia? Hasikii. Nje, kwenye korido, nikamwambia daktari taja tu kinachotakiwa, mimi nipo. Nimezoea watu wakinitajia kitu nakitoa. Daktari akaniambia, mzee, mishipa ya fahamu inakufa, na hakuna dawa ya kuirudisha, hapa wala nje ya nchi. Nikamuuliza mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, kama vile hakunisikia. Akarudia yale yale. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafoka: dereva wa basi, ng'ombe barabarani, matuta. Yeye kalala. Tulipofika Nzega akafungua jicho moja. "Acha kupiga kelele," akasema. "Mkono ni wangu."

Nikataka kumnunulia kompyuta mpya. Akasema mpya itataka vidole vipya. Nikamtafutia msichana wa kuchapa, mzuri, amesomea. Alimpa chai, akampa nauli ya kurudi kwao. Vijana wakamwonyesha simu, unaongea na yenyewe inaandika. Akajaribu na tangazo la msiba la mzee wa mtaa wa Ng'ambo. Ilichoandika simu hakikufaa kubandikwa popote. "Hii haijawahi kufiwa," akasema, akaizima.

Kuna na ile ya kuiambia mashine ijishikilie yenyewe: unagusa kontro mara moja, unaachia, inangoja herufi. Nilidhani tumepona. Lakini mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, ukawa unagusa kontro bila yeye kujua, maana hasikii. Mashine ikadhani ametaka. Kurasa za muhtasari wa mkutano wa ushirika zikafutika mbele ya macho yetu wote wawili. Nami nilikuwa na tusi zuri tayari, nikalimeza.

Kilichotupa nguvu mpya ni kanyagio. Wazo lilikuwa la Mpiga Chapa. Nje ya duka la Mhindi huwa wanakaa mafundi cherehani, na yeye alikuwa akiwatazama miguu yao inavyokwenda bila wao kuiangalia. Akasema, miguu ninayo. Fundi redio wa mtaani akafungua kibodi mbovu, akatoa nyaya. Mhindi akatoa swichi ya kengele ya mlangoni, akakataa kulipwa. Akasema ni fidia kwa mashetani. Wakaifunga chini ya kanyagio la cherehani bovu, wakaunganisha. Mpiga Chapa akaiambia mashine: hiki sasa ndicho kontro. Akakanyaga, akagonga herufi, kazi ikahifadhiwa. Watu wakapiga makofi barabarani. Yule fundi redio akarudi nyumbani kifua mbele, na mimi nikanunulia soda kila aliyekuwa amesimama pale, hata waliokuwa wanapita tu.

Alichapa hivyo mvua zote. Mguu unakanyaga, mkono wa kulia unagonga, na alikuwa akiimba chini chini. Nilidhani tumeushinda ugonjwa, nasema kweli. Kisha nikaona viatu. Alianza kuvaa kiatu kimoja tu, cha kushoto. Nikamuuliza kingine kiko wapi. Akasema kinamtoka mguuni bila yeye kujua. Juzi kilibaki sokoni. Nikaangalia chini ya meza. Mguu ulikuwa umekaa pembeni ya kanyagio, si juu yake, na unakanyaga sakafu. Unakanyaga kwa bidii sana, ile sakafu.

Binti akapata habari. Akatuma ujumbe kwamba anakuja.

Asubuhi ya kuja kwake Mpiga Chapa aliniita. Nilikuta amebaki na kidole kimoja cha kuaminika, cha shahada, mkono wa kulia. Vingine vilikuwepo, lakini kama wageni. Akaniambia amefikiri. Ataiambia mashine ijishikilie yenyewe kama zamani, lakini kontro ataihamishia juu kabisa pembeni, kona ambayo mkono unaotetemeka haufiki kwa bahati mbaya. Hivyo atagonga kimoja, atapumzika, atagonga kingine. Kidole kimoja kitatosha kwa kila kitu.

"Basi iambie," nikasema.

"Nimeshaiandikia. Lakini mpaka nihifadhi ndipo itii. Na kuhifadhi kwenyewe ni vitufe viwili pamoja." Akaninyooshea kile kidole. "Mimi ninacho kimoja."

Nikakaa kwenye ncha ya kiti chake. Sijawahi kugusa kibodi ile tangu tujuane. Akanionyesha kitufe. Nikakibonyeza kama ninavyobonyeza nyuki aliyeingia shatini.

"Taratibu! Si mzinga huo. Shika. Usiachie mpaka niseme."

Nikashika. Ajabu yake, hukioni unachofanya. Unashika, na kioo hakisemi kitu. Kidole chake kikapanda hewani, kikayumba, kikashuka pembeni, kikapanda tena. Nilitamani kuunyanyua mkono wangu mwingine nimsaidie, na herufi yenyewe nilikuwa naiona. Nikabaki nimeshika. Jasho likanishuka mgongoni kama niko juu ya mti. Kikashuka, kikagonga.

"Achia."

Mashine ikatii. Akajaribu kontro ya konani: akagonga, akasubiri, akagonga. Ikafanya kazi. Akanitazama. "Haya, toka kwenye kiti changu. Unanuka moshi."

Binti alifika saa nne, begi moja mkononi, akapiga magoti kumsalimia mama yake, akanigeukia, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba. Hakufoka wala hakulia. Alisema, "Mama, tuliahidiana. Chapa mstari mmoja, mimi nikiona. Ukimaliza, narudi na begi langu."

"Mstari gani?"

"Wowote, mama. Wa kwako."

Mpiga Chapa akavuta kiti. Kidole kikapanda. Ikatoka m. Kikakaa. Ikatoka n. Nikajikuta nasoma, mdomo unatembea, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mwandishi hakunizidi mbio. Herufi moja yeye, herufi moja mimi. Mnya. Mnyamwe. Hapo nikacheka, nikajua nani anaandikiwa. Aligonga herufi isiyo yake, akaiona, akaenda konani, akagonga, akasubiri, akaifuta. Binti akafunika mdomo kwa mtandio. Mnyamwezi. Nafasi. Wewe. Nafasi. Ikaja u, ikaja n, ikaja a.

Mnyamwezi wewe una.

Kidole kikapanda, kikabaki juu. Tukangoja. Kikashuka, hakikufika kwenye kitufe, kikalala mezani. Akakitazama. Akajaribu kukiinua kwa bega, mkono mzima ukaja na kidole kikabaki kimejikunja kama vile vingine. Akajaribu tena. Nje fundi cherehani alikuwa akiendesha cherehani yake, krrr, krrr.

"Mama," binti akasema polepole, "inatosha."

Mimi mikono yangu ilikuwa mapajani. Mikono iliyonijengea nyumba. Ningeweza kuichapa ile herufi, hata kama nisingejua ni ipi ningechapa yoyote. Lakini mstari wangu usingekuwa wake, na asingenisamehe. Nikatumia nilichokuwa nacho, yaani mdomo.

"Mwanangu, umeshaona," nikamwambia binti. "Kamaliza. Kanitukana kabisa. Haya, beba begi lako."

Binti akatazama kioo. "Baba, imeandikwa una. Una nini?"

"Hayo ni ya watani. Sisi tunaelewana. Mstari umekamilika."

Yule mtoto alitaka kuniamini. Niliona usoni kwake kwamba alitaka. Akamgeukia mama yake.

Mpiga Chapa aliinama mbele ya kioo na miwani yake, akausoma ule mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyosoma karatasi za watu wote waliokufa mtaani kwetu.

"Haujakamilika," akasema. "Mnyamwezi, usimdanganye mtoto."

Binti akaweka begi chini. Akaanza kukunja kanga zilizokuwa kwenye kamba, moja baada ya nyingine, mgongo katuelekezea. Nikauliza kama nizime mashine.

"Hifadhi kwanza. Gonga ile ya konani, subiri, halafu hii hapa."

"Bila neno la mwisho?"

"Hifadhi hivyo hivyo. Hilo utalijaza mwenyewe. Si unajijua."